Sini kumi na nne kwa siku mbili: jibu kwa mwanafunzi anayepanga filamu yake fupi ya kwanza

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa pili hapa Dar es Salaam. Kundi letu lina watu sita na tumepewa wiki sita tutoe filamu fupi ya drama isiyozidi dakika kumi. Hadithi yangu inahusu binti aliyeondolewa chuo kwa kufeli. Hajamwambia baba yake, na baba, dereva wa daladala, bado anamtumia ada. Nina sini 14 na waigizaji 9. Kuna ajali ya daladala, hospitali, ugomvi wa usiku stendi, na mwisho tunakwenda kijijini. Kamera ya chuo tunapewa Jumamosi na Jumapili moja tu. Tumechanga 360,000, na 200,000 nimezitenga kwa drone na lenzi za kukodi. Nipange vipi isinishinde? Na damu bandia inatengenezwaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Hadithi unayo, tena nzuri kuliko unavyoichukulia. Shida ni kwamba umeifunika kwa vitu, kama mtu aliyepika pilau safi halafu akaimwagia tomato sosi.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina huruma wala haibishani. Mkiitana saa moja asubuhi, shoti ya kwanza mtaipiga saa tatu. Usiniambie saa mbili, nimeshaona makundi mengi mno. Mkifunga saa kumi na moja jioni na mkatoa saa moja ya kula, mmebaki na saa saba za kazi, yaani dakika 420. Kundi la wanafunzi hutumia kama dakika 25 kwa shoti moja: kuweka kamera, kuweka taa, kujaribu, kurekodi mara tatu nne, kubishana kidogo. Hiyo ni shoti 16 kwa siku, 32 kwa siku mbili. Sasa rudi kwenye sini zako 14. Hata kila moja ukiipa shoti tano tu, unahitaji 70, na hapo sijahesabu kuhama kutoka stendi kwenda hospitali na foleni ya Morogoro Road katikati. Kwa hiyo jibu la swali lako halimo kwenye ratiba, limo kwenye skripti. Hakuna ratiba itakayoingiza 70 ndani ya 32.

Ndiyo maana naanza kukata, na usinichukie. Ajali inatoka. Daladala iliyogongwa hamna, na ajali inayosikika kwa sauti ya breki huku skrini ikiwa nyeusi tumeichoka wote. Hospitali inatoka pamoja na ajali, maana ilikuwepo kwa ajili yake tu. Ugomvi wa stendi usiku unahitaji taa msizokuwa nazo, na umati ambao hamuwezi kuuzuia usiitazame kamera. Kijijini ni nauli. Na kama miongoni mwa wale tisa kuna askari polisi, mwondoe pia: sare ya polisi au ya jeshi haivaliwi kwa kuigiza bila ruhusa, na hutaki kulieleza hilo kituoni siku ya Jumapili.

Kilichobaki ni nini? Binti na baba, na uongo katikati yao. Hiyo ndiyo filamu.

Ila kwenye muhtasari wako kuna kitu kimoja kinanisumbua. Unasema baba "anamtumia" ada. Pesa ikitumwa kwa simu, kwenye skrini tunapata nini? Mlio wa meseji na binti anayetazama kioo. Haiwi sini hiyo. Mlete baba mwenyewe. Jioni moja amepaki gari mapema, amekuja bila taarifa kwenye chumba alichopanga binti yake, na pesa ameibeba mkononi, imefungwa kwenye kitambaa. Wanasalimiana, anapewa maji, anaulizia masomo, anajibiwa. Halafu anatoa simu yake na kusema, "Haya, nipe kontroli namba, nikitoka hapa nalipia kwa wakala mwenyewe nipate na risiti." Binti hana kontroli namba, ile namba ya kulipia ada. Mwanafunzi aliyefutwa hatengenezewi kontroli namba. Kila mzazi wa nchi hii anayesomesha atalielewa hilo bila kuelezwa, na kila mwanafunzi atahisi tumbo likimkaza.

Umeona? Hatukuhitaji ajali. Tulihitaji ombi dogo la haki, kutoka kwa mtu anayependa, ambalo haliwezi kutimizwa.

Kwa mpango huo unabaki na sini nne na kurasa sita. Ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri hutoa kama dakika moja ya filamu, japo drama yenye ukimya mwingi huzidi hapo, kwa hiyo kurasa sita zitakupa dakika saba hivi. Usijaze zile kumi kwa sababu tu zimeruhusiwa. Asubuhi, binti anavaa kitambulisho cha chuo shingoni na kutoka, kama kila siku. Nje, uani, sauti ya mwenye nyumba inamuuliza mitihani lini, naye anadanganya kirahisi, bila hata kusimama; mwenye nyumba hatumuoni, sauti yake ataitoa mmoja wenu. Kisha jioni ya baba, ambayo peke yake ni kurasa tatu na nusu. Kisha alfajiri, baada ya baba kuondoka, akijua au asijue, hilo ni lako kuamua. Waigizaji wawili, chumba kimoja, ua mmoja.

Na tafadhali, gari lisiingie getini. Geti linafunguliwa, gari linaingia, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka barazani, anabisha hodi, anakaribishwa, anaketi, anaulizwa atakunywa nini. Dakika mbili zimekwisha na hakuna kilichotokea. Baba tumkute ameshasimama mlangoni, viatu mkononi.

Sasa tuikaribie hiyo sini ya tatu, maana ndiyo itakayokula Jumamosi yako nzima. Chumba kina kiti kimoja na kitanda. Baba anapewa kiti, binti anakaa kitandani. Chora mstari wa kufikirika kutoka kwenye kiti hadi kitandani, na kamera ikae upande mmoja wa mstari huo siku nzima. Ukiuvuka, kwenye uhariri wataonekana wote wawili wanatazama upande mmoja, kana kwamba wamepanda basi. Chagua upande wa dirisha, kwa sababu mwanga wenu mkubwa unatoka huko na hamna taa za kushindana nao.

Anza na shoti pana kutoka mlangoni, sini yote ichezwe mwanzo hadi mwisho bila kukata, mara tatu. Hiyo ni bima yako. Kila kitu kingine kikiharibika, unayo sini. Halafu sogea: baba kuanzia kifuani, sini yote. Binti kuanzia kifuani, sini yote. Baada ya hapo ndipo uje kwenye vipande vidogo. Mikono ya baba ikifungua fundo la kitambaa. Fundo liwe gumu kidogo, atumie meno. Noti zikihesabiwa juu ya goti. Kidole gumba kikisubiri juu ya vitufe vya simu ya tochi. Na kitambulisho kinachoning'inia kwenye msumari ukutani, nyuma ya kichwa cha baba, ambacho binti anakitazama na baba hakioni. Shoti hiyo ya kitambulisho usiisahau. Ndiyo itakayofanya mtazamaji ajue kitu ambacho mmoja wa watu wawili chumbani hakijui, na hapo hata swali la "umekula?" linakuwa zito.

Kuhusu hizo noti: msizichapishe kwa printa, hata za mchezo. Weka noti tatu halisi juu na karatasi zilizokatwa kwa kipimo kile kile chini yake. Anayeshika mwendelezo apige picha ya goti la baba kila mnapokata, ajue noti ngapi zimeshahesabiwa na kitambaa kimelala upande gani. Wewe kwenye joto la kazi hutakumbuka, na mhariri atakulaani.

Mgawanyo wa watu sita nao ueleweke mapema. Mmoja anaongoza, mmoja kamera, mmoja sauti, na huyo wa sauti asiwe "yeyote atakayekuwa huru". Wa nne ni msaidizi wa mwongozaji, mshika saa: ndiye anayesema "tumebakiwa na dakika kumi, tunasonga". Asiwe wewe mwongozaji, kwa sababu wewe utajiongopea. Wa tano mwendelezo na klapa, kile kibao kinachogongwa kabla ya kila shoti. Wa sita chakula, usafiri, na kuzungumza na majirani, kazi inayodharauliwa na ambayo ikikosekana mnafukuzwa uani kabla ya saa nne.

Niseme kidogo juu ya sauti, kwa sababu filamu nyingi za wanafunzi huanguka hapo. Picha yenye ukungu kidogo mtu anaivumilia. Maneno yasiyosikika hawezi kuyavumilia, anazima. Mnapokwenda kukagua chumba, msiende Jumanne saa kumi. Nendeni Jumamosi na Jumapili, saa zile zile mtakazorekodi, mkae kimya dakika kumi mkiandika kila mnachosikia. Mtagundua fundi wa kuchomelea mageti yuko nyumba ya tatu. Mtagundua kanisa lenye spika kubwa, ambalo Jumapili asubuhi halitawapisha. Adhana zina saa zake na zinajulikana: weka chakula cha mchana kwenye adhuhuri, wala usishindane nayo. Kwa hesabu hiyo sini ya maneno iende Jumamosi, na Jumapili ibaki na asubuhi ya binti na alfajiri, ambazo karibu hazina maneno. Paa likiwa la mabati bila dari, na mkarekodi Aprili wakati wa masika, mvua ikianza tu mmekwisha. Tafuteni chumba chenye dari.

Feni inazimwa. Friji inazimwa. Miaka mingi iliyopita tuliazima nyumba ya watu, nikazima friji yao kwa ajili ya sauti, tukamaliza kazi, tukashangilia, tukaondoka. Samaki wa mwenye nyumba walikaa humo siku nzima na usiku wake. Tangu hapo, nikizima friji ya mtu, funguo zangu naziweka ndani ya friji hiyo. Siwezi kuondoka bila kuifungua.

Mkimaliza kila sini, kabla hamjagusa chochote, watu wote wanyamaze na mrekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kitupu cha maneno. Mtaona haina maana mpaka siku ya kuhariri, mtakapotaka kuziba pengo kati ya sentensi mbili na kukuta ukimya wa kompyuta haufanani na ukimya wa chumba.

Mwanga wa hapa kwetu una tabia zake. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, jua linapanda wima na kushuka wima. Saa sita mchana linakuwa juu ya utosi, hasa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na uso wa mtu uani unakuwa na mashimo meusi badala ya macho. Sini za nje zipigwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, au mwigizaji akae kivulini chini ya upenu na mrudishie mwanga kwa kipande cha foronya nyeupe. Machweo mazuri ya muda mrefu unayoyaona kwenye filamu za Ulaya, hapa huyapati: jua likizama, baada ya dakika ishirini na kitu ni giza. Kwa hiyo "alfajiri" yako usiipange kama sini ya shoti nane. Shoti mbili, zilizokwisha kufanyiwa mazoezi jana yake, kamera ikiwa tayari mahali pake. Na kwa ndani, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/50, la sivyo baadhi ya taa zitacheza mistari kwenye picha. Hakikisheni LUKU ina yuniti za kutosha, na mnunue ninyi, si mwenye nyumba.

Pesa sasa. Drone hapana: huna sini yake, ina vibali vyake pekee, na juu ya nyumba za watu itawaletea maneno. Lenzi pia hapana. Tumia ile inayokuja na kamera ya chuo. Mnakuwa watu tisa, yaani sita wenu, waigizaji wawili na mkono mmoja wa akiba. Kwa mtu, chai na kitafunwa 1,500, chakula cha mchana 4,000, maji na kitu cha jioni 1,500: ni 7,000, mara tisa, mara siku mbili, 126,000. Usafiri wa watu na vifaa 70,000. Posho ya waigizaji 50,000 kwa wote wawili. Ni ndogo, lakini iwe kwenye bahasha, iwe imeahidiwa kabla. Shukrani ya mwenye nyumba 40,000. Mavazi na vifaa vya sini 24,000. Inabaki 50,000 ambayo haiguswi. Itaguswa, lakini si kabla ya Jumapili mchana. Utashangaa chakula kimechukua theluthi nzima. Watu wenye njaa hawasikilizi mwongozaji, na wali maharage ulioletwa kwa wakati umeokoa filamu nyingi kuliko lenzi.

Vibali usiviache mwisho. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga filamu, na Bara mhusika ni Bodi ya Filamu Tanzania. Chukua barua ya utambulisho chuoni, nenda nayo wiki ya kwanza, ueleze kwamba ni kazi ya masomo, na ufuate watakalokuelekeza. Siku ukitaka kupiga Unguja au Pemba, huko wana chombo chao, BASSFU. Nakala ya barua ipeleke pia serikali ya mtaa. Mtendaji akijua mapema, jirani akienda kulalamika anakuta habari imeshafika. Mwenye nyumba naye asaini karatasi moja, na waigizaji wasaini kwamba wamekubali kuonekana. Wimbo wa msanii unayempenda usiutie bila idhini yake iliyoandikwa, hata kama ni sekunde kumi. Filamu ikija kuwa nzuri na ukataka kuipeleka ZIFF, tamasha la filamu kule Zanzibar, wimbo huo ndio utakaokukwamisha. Mtafute mwanafunzi wa muziki akupigie gitaa, au uache ukimya ufanye kazi.

Baba usimtafute kati ya wanafunzi wenzako. Kijana wa miaka 22 aliyepakwa unga kwenye ndevu hawezi kutudanganya. Nenda kwenye vikundi vya maigizo, uliza waliopita TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, au mtazame mjomba wa mtu mwenye uso wa kazi na asiye na haraka ya kuongea. Akiwa mtu wa jukwaani, atapaza sauti. Mwambie kamera iko karibu kuliko mtu wa mstari wa kwanza. Na wote wawili, wazuie kulia. Kilio kikianza, mtazamaji anapumzika, maana kazi yake imefanywa na mwigizaji.

Kuhusu wiki sita: mbili za kwanza ni za kuandika upya, vibali, chumba na waigizaji, zote zikienda pamoja. Wiki ya tatu fanyeni mazoezi ndani ya chumba chenyewe, kisha mpige filamu nzima kwa simu, ninyi wenyewe mkisimama badala ya waigizaji, na muihariri. Itakuwa mbaya, itachekesha, na itakuonyesha kwamba kuna shoti nne ulizoziona za lazima ambazo hakuna anayezihitaji. Kamera ya chuo iombeni iwe ya wiki ya nne. Kila usiku wa kurekodi, kadi isifutwe kabla picha hazijawa kwenye sehemu mbili tofauti, zikilala nyumba mbili tofauti. Wiki ya tano ni uhariri. Programu ya DaVinci Resolve ina toleo la bure linalowatosha. Wiki ya sita ni ya sauti, majina ya mwisho, na kumwonyesha mtu mmoja asiyeijua hadithi. Usimweleze kitu. Muulize tu baba alitaka nini. Akijibu "risiti", umefika. Akijibu "sijui", rudi kwenye ile shoti ya kidole gumba uirefushe.

Damu bandia: sharubati nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula, na unga wa kakao kidogo sana ili isiwe ya pinki. Jaribu kwanza kwenye nguo usiyoitaka, haitoki. Ila kwenye kurasa zako sita sasa hakuna anayetokwa na damu, kwa hiyo hiyo sukari itumieni kwenye chai.